Ata bin Abi Rabah, mufti wa Makka tuliyemuacha nyuma ya Bilal

Zama za Bani Umayya, msimu wa hijja ukifika na Makka imejaa watu kutoka Sham, Iraq, Yemen, Misri mpaka Khurasan, alikuwa anatolewa mpiga mbiu anapita kutangaza kwamba mtu yeyote asitoe fatwa ila Ata bin Abi Rabah, na kama Ata hayupo basi Abdullah bin Abi Najih. Hebu fikiria uzito wake. Watoto wa maswahaba wamejaa mjini, wajukuu wa Quraysh wenye nasaba ndefu wapo, masheikh kutoka kila mji wamekuja kuhiji, halafu serikali inasema swali lako la hijja kaulize kwa mtu mmoja.

Na huyo mtu mmoja, ukisoma wanahistoria wanavyomueleza, akina Ibn Saad na waliokuja baada yake, wanasema alikuwa mweusi, chongo, pua bapa, mkono umepooza, mguu anachechemea, na mwisho wa umri wake akawa kipofu kabisa. Ndivyo walivyoandika, hawakuficha kitu na wala hawakuona haya, halafu mstari unaofuata wanasema alikuwa thiqa (mwaminifu katika kupokea hadithi), faqihi (mjuzi wa sheria), alimu, mwenye hadithi nyingi. Mi kila nikiusoma huo mstari nasimama kwanza.

Nimeamua kuandika habari zake kwa sababu sisi huku pwani, na bara pia, mhadhara ukija kwenye habari ya watu weusi katika Uislamu tunamtaja Bilal radhi za Allah ziwe juu yake, tunasimulia jiwe la moto kifuani na "Ahad, Ahad", watu wanalia, halafu basi, tunafunga kitabu. Bilal ni Bilal, cheo chake hakiguswi. Lakini watoto wetu wanabaki na picha ya mtu mweusi aliyeteswa na aliyeadhini tu, hawapati picha ya mtu mweusi ambaye makhalifa walikuja wakakaa mbele yake wakasubiri amalize kuswali ndio wamuulize dini yao. Hiyo picha ipo, imeandikwa, ina sanad, yaani mnyororo wa waliopokezana, sisi ndio hatuisimulii.

Basi tuanze. Ata alizaliwa Janad, huko Yemen, kipindi cha ukhalifa wa Uthman, akakulia Makka. Baba yake, kwa mujibu wa Abu Dawud, alikuwa Mnubi, kazi yake kusuka makapu. Mama yake pia alikuwa mwanamke mweusi. Familia ilikuwa mawali, yaani watu walioachwa huru au waliojiunga chini ya ulinzi wa kabila la Kiarabu, na kwa Ata ilikuwa ni ukoo katika Quraysh. Kwa hiyo hakuna mali, hakuna nasaba ya kujitapia, hakuna mjomba gavana. Mwenyewe alifundisha watoto chuoni kusoma na kuandika. Ukitaka kujua walimu wa madrasa wametokea wapi, mmoja wa babu zao ndio huyu.

Ila Makka ya utoto wake ilikuwa na utajiri wa namna nyingine. Masahaba bado wapo. Alisikia kutoka kwa Bibi Aisha, Abu Hurayra, Ibn Umar, Jabir bin Abdillah, Abu Said al-Khudri, na zaidi ya wote Abdullah bin Abbas. Mwenyewe kapokewa akisema aliwadiriki, yaani aliwakuta hai, maswahaba 200.

Kuna riwaya moja kwenye Sahih Bukhari naipenda sana, kwa sababu ndani yake unamuona Ata mtu mzima na Ata mtoto kwa wakati mmoja. Gavana mmoja wa Makka, Ibn Hisham, alipiga marufuku wanawake kutufu pamoja na wanaume. Ata akauliza, anawazuiaje na hali wake wa Mtume (s.a.w.) walitufu pamoja na wanaume? Mwanafunzi wake Ibn Jurayj, mtu wa maswali kwelikweli, akamuuliza hapo hapo, hiyo ilikuwa kabla ya amri ya hijabu au baada? Ata akaapa kwamba yeye aliyaona hayo baada ya hijabu. Ibn Jurayj hajatosheka, walikuwa wanachanganyika vipi na wanaume? Akamwambia hawakuwa wakichanganyika, Aisha alikuwa anatufu pembeni mbali na wanaume. Kisha kumbukumbu ikamchukua, akaeleza kwamba yeye na Ubayd bin Umayr walikuwa wanamuendea Aisha alipokuwa amekaa upande wa mlima Thabir, Ibn Jurayj akauliza na hijabu yake ilikuwa nini, akajibu kwamba alikuwa ndani ya hema dogo la Kituruki lenye pazia, hapakuwa na kingine kati yao na yeye, na kwamba alimuona amevaa nguo ya rangi ya waridi.

Nguo ya rangi ya waridi! Bibi Aisha alifariki mwaka 57 au 58 hijria, na huyu mtu miaka mingi baadaye bado anaiona ile rangi. Hadithi zilihifadhiwa na vichwa vya watu wa namna hii, ambao hawakushika maneno peke yake, walishika hema, pazia, mlima upo upande gani, nguo ilikuwa rangi gani. Na angalia pia alivyoutumia ule ujuzi wake, gavana ametoa amri, Ata hakutafuta maneno ya kumfurahisha mkubwa, alisema niliyoyaona ni haya.

Ibn Abbas alimjua vizuri mwanafunzi wake. Watu wa Makka walipokuwa wanamzonga kwa maswali aliwaambia, enyi watu wa Makka, mnanijazania mimi na hali mnaye Ata? Maneno yanayofanana na hayo yamepokewa pia kutoka kwa Ibn Umar alipofika Makka. Hao ni maswahaba wawili wakubwa kabisa wa fiqhi wanawaelekeza watu kwa mtoto wa msuka makapu. Ibn Abbas alipofariki Taif mwaka 68, halqa (duara la darsa) ya fatwa pale Masjid al-Haram ikaja kuwa ya Ata. Na msikiti wenyewe ulikuwa kama nyumba yake, Ibn Jurayj anasema miaka 20 sakafu ya msikiti ndio ilikuwa kitanda cha Ata.

Miaka ile haikuwa ya raha lakini, tusije tukadhani mtu alikuwa amekaa kivulini anasoma. Makka ilizingirwa na jeshi, Kaaba yenyewe ikapigwa, na mwaka 73 hijria (692) Abdullah bin Zubayr, aliyekuwa anapinga utawala wa Bani Umayya, akauliwa na jeshi lao chini ya Hajjaj. Ipo riwaya kwamba mkono wa Ata ulikatwa katika fitna hiyo akiwa upande wa Ibn Zubayr. Akabaki Makka, akaendelea kufundisha chini ya utawala wa hao hao walioshinda, na hao hao ndio baadaye wakaja kupiga mbiu kwamba fatwa ni ya Ata.

Sasa nije kwenye hadithi ambayo ndiyo iliyonifanya nimpende Ata kabla hata sijajua sura yake wala habari zake.

Ni Ata mwenyewe anasimulia, imo kwenye Bukhari na Muslim. Anasema Ibn Abbas aliniambia, je nisikuonyeshe mwanamke katika watu wa peponi? Nikasema, nionyeshe. Akasema ni huyu mwanamke mweusi. Alimjia Mtume (s.a.w.) akamwambia, mimi naanguka kifafa na nafunuka, niombee kwa Mwenyezi Mungu. Mtume akamwambia, ukitaka utasubiri na utapata pepo, na ukitaka nitamuomba Mwenyezi Mungu akuponye. Akasema nitasubiri. Kisha akasema, lakini nafunuka, niombee nisiwe nafunuka. Akamuombea.

Na baada ya hapo Bukhari anaongeza kipande kidogo kupitia Ibn Jurayj, kwamba Ata alimuona Umm Zufar, yule mwanamke mrefu mweusi, pale kwenye pazia la Kaaba.

Mamdogo wangu alikuwa na kifafa. Waliokulia kwenye nyumba yenye mtu wa kifafa watanielewa bila maneno mengi. Kikombe chake mbali, sahani yake mbali, maana watu wanaamini yale mapovu yanaambukiza, kukiwa na harusi anaachwa nyumbani "asije akatuaibisha", na akianguka njiani watu wanarudi nyuma badala ya kwenda mbele. Wengine wanasema kapandwa, wengine wanasema karogwa na wifi. Bibi yetu alikuwa na khanga moja ameitundika nyuma ya mlango na kazi yake ilikuwa moja tu, mamdogo akianguka bibi anaichomoa anakimbia nayo kumfunika. Hakuna aliyekuwa anamuuliza mamdogo mwenyewe kinachomuuma zaidi ni nini, sisi sote tulidhani ni kule kuanguka.

Ndipo siku ile kwenye darsa la akina mama mwalimu akaisoma hiyo hadithi, na mamdogo akiwepo, na alipofika pale "lakini nafunuka" nikamuona mamdogo ameinama kabisa. Baadaye jioni akaniambia, "Mwanangu, yule mama kasema langu." Nikawa sina la kumjibu. Alichokuwa anaomba Umm Zufar ni sitara yake mbele za watu, kuanguka ataweza kuvumilia. Na bibi yangu ambaye hakusoma kitabu chochote alikuwa anaijua hiyo dua kwa vitendo miaka yote na ile khanga yake.

Niliporudi kuangalia ni nani aliyeipokea nikakuta jina Ata bin Abi Rabah, nikaenda kusoma yeye ni nani, na hapo ndio kila kitu kikanikaa sawa. Ibn Abbas hakumwambia maneno haya mtu yeyote tu. Alimwambia kijana mweusi, chongo, mwenye kuchechemea, tazama kule, unamuona yule mwanamke mweusi, huyo ni wa peponi. Sijui kilichokuwa moyoni mwa Ibn Abbas na sitamsemea. Ninachojua ni kwamba Ata alilishika lile neno maisha yake yote, akamtazama yule mama vizuri mpaka akakumbuka kimo chake na mahali alipokuwa, na akalipitisha. Umm Zufar asingekuwa na mtu wa namna hii wa kubeba habari yake, labda leo tungekuwa nayo kwa njia nyingine, labda tusingekuwa nayo kwa umbo hili, lakini iliyotufikia ni hii, kutoka kwa mtu ambaye yeye mwenyewe alikuwa anajua watu wanavyomuangalia mwenye mwili wenye kasoro.

Tuje kwa makhalifa. Sulayman bin Abdulmalik, aliyetawala kuanzia mwaka 96 mpaka 99 hijria, alikuja kwa Ata na wanawe wawili. Wakamkuta anaswali, wakakaa kumsubiri. Alipomaliza wakawa wanamuuliza mambo ya hijja naye anawajibu huku amewapa mgongo. Sulayman akawainua wanawe, akawaambia, wanangu, msizembee kutafuta elimu, maana sitasahau unyonge wetu mbele ya mtumwa huyu mweusi. Wahadhiri wengine wakiisimulia hii wanairuka ile "mtumwa huyu mweusi", wanasema "mbele ya mtu huyu". Msiiruke jamani. Ata hakuwa mtumwa wa Sulayman, alikuwa mwanachuoni wa umma, na khalifa pamoja na heshima yote aliyoonyesha bado kinywani mwake lile neno lilitoka. Maradhi ya ubaguzi yalikuwepo hata kwa watu walioswali nyuma ya maimamu wa taabiina, kizazi kilichofuata maswahaba, na elimu ya Ata haikuyaponya hayo maradhi, ila iliyalazimisha yakae chini yasubiri.

Kabla yake baba yake, Abdulmalik bin Marwan, alipokuja kuhiji Makka akiwa khalifa, Asmai anasimulia kwamba Ata aliingia kwake, khalifa yuko kwenye kiti chake na wakubwa wamemzunguka, akainuka akamkalisha pamoja naye, akamuuliza kwa jina lake la heshima, Abu Muhammad, una haja gani? Ata akaanza: mche Mungu katika haramu ya Mwenyezi Mungu na haramu ya Mtume wake, yaani maeneo matakatifu ya Makka na Madina, uzitunze, mche Mungu kwa watoto wa Muhajirina na Ansari maana ni kwa sababu yao umekaa hapo ulipokaa, mche Mungu kwa watu wa mipakani hao ndio ngome ya Waislamu, angalia mambo ya Waislamu maana utaulizwa wewe peke yako, na walio mlangoni pako usiwasahau wala usiwafungie mlango. Khalifa akasema nitafanya. Ata akainuka kuondoka, Abdulmalik akamshika, akamwambia umetuomba haja za wengine tumezikubali, yako wewe ni ipi? Akajibu, sina haja kwa kiumbe. Akatoka. Abdulmalik akasema huu ndio utukufu, huu ndio ubwana.

Na si kwamba alikuwa nazo za kumtosha. Umar bin Dharr anasema hakuwahi kumuona Ata na kanzu mwilini, na hakuwahi kumuona na nguo ya thamani ya dirhamu tano.

Kwenye kusema alikuwa mzito pia. Ismail bin Umayya anasema Ata alikuwa ananyamaza muda mrefu, akija kusema tunahisi kama kuna anayemsaidia. Akaulizwa swali siku moja akasema sijui, wakamwambia si useme kwa rai yako? Akasema naona haya kwa Mwenyezi Mungu kwamba dini ifuatwe duniani kwa rai yangu. Siku hizi mtu ana simu na bando la siku moja tu anatoa fatwa tatu kabla ya adhuhuri, na mufti wa hijja nzima alikuwa anasema sijui. Na kuna lile jingine ambalo mimi huwa linanichoma, alisema kijana hunisimulia hadithi nami namsikiliza kama sijawahi kuisikia, na hali nimeisikia kabla hajazaliwa. Abu Hanifa, ambaye alikutana na wanavyuoni wengi Kufa na kwingineko, alisema hajakutana na mtu bora kuliko Ata.

Ila sitaki kumuandika Ata kama mtu asiyeguswa, kwa sababu wanahadithi wenyewe hawakumfanyia hivyo, na ni hapo ndipo utaona ile kazi yao ilikuwa ya haki kiasi gani. Wakati mwingine Ata alikuwa anasema "Mtume kasema" moja kwa moja bila kumtaja swahaba aliyemwambia, na hiyo inaitwa mursal, sanad imekatika juu. Yahya bin Said al-Qattan, mmoja wa mafundi wakubwa wa kuwapima wapokezi, aliyefariki mwaka 198, alisema mursal za Mujahid, mwanafunzi mwingine wa Ibn Abbas, anazipenda zaidi kuliko mursal za Ata kwa mbali sana, maana Ata alikuwa anachukua kutoka kwa kila namna ya mtu. Imam Ahmad naye alisema hakuna mursal dhaifu kuliko za Hasan al-Basri na Ata. Yaani uchamungu wake hauna shaka, mwenyewe ni mkweli, anachosema "nimesikia" kinapokelewa mikono miwili, lakini pale alipoacha kutaja mtu wake hawakumpa upendeleo.

Sasa rudi kwenye ile hadithi ya mama mweusi uangalie sanad ya Bukhari. Bukhari kaipokea kwa Musaddad, Musaddad kwa Yahya, Yahya kwa Imran Abu Bakr, Imran kwa Ata, Ata kwa Ibn Abbas. Huyo Yahya ndiye al-Qattan huyo huyo! Mtu aliyeziweka mursal za Ata nyuma ya za Mujahid kwa mbali ndiye aliyemfikishia Musaddad hadithi ya Umm Zufar, kwa sababu hapa Ata kasema wazi, Ibn Abbas aliniambia. Wanaodai hadithi zilipokelewa kishabiki tu, mtu anampenda sheikh wake basi kila neno lake linapita, wakae na sanad hii moja waitafakari.

Mambo mengi ya Ata yametufikia kwa mkono wa Ibn Jurayj, aliyekaa naye miaka 17 au 18 na akafariki mwaka 150. Ukifungua Musannaf, mkusanyo wa riwaya wa Abdurrazzaq wa Sanaa, unakutana na "nilimwambia Ata", "nilimuuliza Ata", mara kwa mara kwa mara, maswali ya udhu, ya hedhi, ya talaka, ya mtu aliyesahau kitu kwenye swala, ya mtumwa, ya hijja. Unawasikia kabisa wanazungumza, mmoja anachimba na mwingine anajibu kwa upole, na pengine anajibu sijui.

Na hapa ndio inafika kwetu pwani moja kwa moja. Imam Shafii alisoma fiqhi Makka kwa mufti wake Muslim bin Khalid al-Zanji, naye Muslim aliichukua kwa Ibn Jurayj, Ibn Jurayj kwa Ata, na Ata kwa Ibn Abbas. Imam Nawawi ameitaja silsila hii wazi. Sunni wengi wa Lamu, Mombasa, Tanga, Unguja, Kilwa mpaka Ngazija ni watu wa Shafii, kitabu cha fiqhi cha Safina tumesoma tukiwa watoto na kile cha Minhaj cha huyo huyo Nawawi wakubwa zetu wamekisoma kwa masheikh miaka na miaka. Kwa hiyo kila mtoto anayekaa mkekani leo anahesabishwa nguzo za udhu kwa Safina, anasoma madhehebu yaliyopita kwenye mikono ya mtoto wa Mnubi msuka makapu.

Alifariki Makka mwaka 114 hijria, wengine wanasema 115, sawa na 732 au 733. Awzai, imamu wa Sham, alisema Ata alikufa siku aliyokufa na hakuna mtu juu ya ardhi ambaye watu walikuwa radhi naye kuliko yeye. Wenye madrasa nawaombeni, mkifika kwenye somo la taabiina mwekeni mbele na jina lake kamili, Ata bin Abi Rabah, na msiache kutaja rangi yake, jicho lake wala mguu wake, kwa sababu darasani mna mtoto anayechechemea na mwingine anayeanguka kifafa, na wanasikiliza.